Shajara ya mradi: kuipangia bahari mitambo ya upepo, kwenye ramani

Wiki ya 1

Tumeanza. Tuko watatu: mimi ninayeshika ramani, mwenzetu mmoja anayewajua ndege kuliko anavyowajua watu, na nahodha mstaafu aliyekubali kutukosoa bila malipo mradi tusimpigie simu kabla ya saa tatu asubuhi. Kazi yenyewe ni kutengeneza zoezi la kufundishia, kwa Kiswahili, linaloonyesha jinsi eneo la bahari linavyochaguliwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya upepo. Hatujengi kitu. Hakuna nguzo itakayopigiliwa. Ila data ni za kweli, na tumechagua Bahari ya Kaskazini kwa sababu kazi hii imefanyika huko kwa muda mrefu na makosa yake yako hadharani.

Shamba la kwanza duniani, Vindeby la Denmark, lilijengwa 1991. Lilikuwa na mitambo 11 ya kilowati 450, jumla haikufika megawati 5, na 2017 liling'olewa. Hornsea 2 la Uingereza, lililokamilika 2022, lina mitambo 165 ya megawati 8. Yaani mtambo mmoja wa Hornsea 2 unalishinda Vindeby zima. Kwa shamba la ukubwa wa Vindeby ungeweza kutafuta nafasi kwa macho. Lakini Aprili 2023, mjini Ostend, Ubelgiji, nchi tisa zilijiwekea lengo la gigawati 120 ifikapo 2030 na zisizopungua 300 ifikapo 2050. Kwa kiasi hicho macho hayatoshi, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2014, ulizitaka nchi zake zenye pwani ziwe na mipango ya matumizi ya bahari kufikia Machi 31, 2021.

Mpango wangu wa kwanza umeenea kwenye karatasi moja: chukua bahari, toa njia za meli, toa hifadhi, toa maeneo ya jeshi, toa mabomba ya mafuta na gesi, kinachobaki ni cha upepo. Naunakili hapa ili baadaye nisijidai kwamba nilijua.

Wiki ya 2

Wiki nzima imeishia kupakua mafaili. Kina cha maji na msongamano wa meli nimevitoa EMODnet, hazina ya data za bahari ya Umoja wa Ulaya. Kasi ya upepo nimeitoa Global Wind Atlas. Kipande chetu cha majaribio ni mraba wa kilomita 60 kwa 60, karibu na nyuzi 55 kaskazini, kwenye maji ambayo kina chake kinaruhusu msingi wa nguzo moja nene ya chuma. Mitambo inayoelea, kama ile 5 ya Hywind Scotland ya 2017, tumeiacha nje ya zoezi. Tukiiingiza hatutamaliza.

Kabla ya kutoa chochote nilitaka kujua mraba ukiwa mtupu ungebeba umeme kiasi gani. Mtambo wa megawati 15 una rafadha yenye kipenyo cha mita 236. Ukiacha vipenyo 7 kati ya mtambo na mtambo, umbali ni mita 1,652, na kila mmoja unajichukulia kilomita za mraba 2.73. Gawanya, unapata megawati 5.5 kwa kilomita ya mraba. Nikaiambia kompyuta izidishe kwa eneo la mraba wetu. Ikaleta gigawati 60.

Nilifurahi kama nusu saa hivi. Kisha ikanijia kwamba gigawati 60 ni nusu ya lengo zima la Ostend la 2030, kutoka kwenye kipande ambacho kwenye ramani ya Bahari ya Kaskazini nakifunika kwa ncha ya kidole gumba. Nikarudi kwenye jedwali. Safu ya eneo ilisema kilomita za mraba 10,944. Sitini mara sitini ni 3,600, hilo halihitaji kompyuta.

Kosa lenyewe ni la kizamani, karibu kila anayechora ramani amewahi kulifanya. Faili lilikuwa kwenye projeksheni (namna ya kuilaza dunia kwenye karatasi) ya Mercator, ile ya ramani za intaneti, nami ndani ya QGIS, programu ya kuchorea ramani, nilitumia area($geometry), inayopima kana kwamba dunia ni karatasi bapa, badala ya $area, inayozingatia umbo la dunia. Kwenye nyuzi 55 Mercator hurefusha kila upande mara 1.74, hivyo eneo linavimba mara tatu na ushee. Nimehamishia kila kitu kwenye projeksheni inayotunza eneo, namba 3035, ambayo data nyingi za Ulaya huja nayo tayari. Jibu likashuka hadi gigawati 19.8.

Nilipomsimulia nahodha alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, ile ramani Mercator aliichora ikupe uelekeo. Hakuichora ikupimie shamba."

Kosa sijalifuta. Limo kwenye ukurasa wa pili wa zoezi, kama mtego.

Wiki ya 3

Hiyo 5.5 imeninyima usingizi, kwa sababu niliichagua mimi. Hakuna aliyesema lazima viwe vipenyo 7. Nikaenda kuangalia waliojenga walifanyaje.

Ukanda wa kwanza wa Ubelgiji una takribani kilomita za mraba 238, na ulipokamilika 2020 ulikuwa na mitambo 399 yenye jumla ya megawati 2,262. Hiyo ni 9.5 kwa kilomita ya mraba. Hornsea 1 la Uingereza lina mitambo 174, megawati 1,218, kwenye kilomita za mraba 407. Hiyo ni 3. Bahari ni ileile, upepo karibu uleule, na mmoja ameisonganisha mitambo mara tatu ya mwenzake. Sababu haiko kwenye fizikia. Ubelgiji ina takribani kilomita za mraba 3,450 tu za bahari, na ndani yake meli zinaingia na kutoka usiku na mchana. Uingereza ina nafasi ya kujinyoosha.

Kusongana kuna gharama yake. Mtambo ukishaukamua upepo, unaotoka nyuma umechoka na umevurugika. Mtambo wa safu ya pili unakula makombo ya wa kwanza. Na hali haiishii kwenye uzio wa shamba. Hewa ikiwa imetulia, ya joto ikiwa imeikalia ya baridi, kivuli hicho cha upepo huweza kufika makumi ya kilomita hadi kwa jirani. Nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi, hivyo upepo wa mita 9 kwa sekunde hubeba asilimia 73 tu ya nguvu ya upepo wa mita 10. (Upepo ukivuka kama mita 11 au 12 kwa sekunde mtambo hufika kikomo chake na haujali tena, ndiyo maana hasara halisi ya mwaka haitishi kama hesabu hii.)

Nikarudi kwenye karatasi ya wiki ya kwanza. Haina tabaka la jirani. Huwezi kumtoa jirani ambaye bado hajajenga.

Wiki ya 4

Meli. Wiki hii nimejifunza zaidi kwa kunyamaza.

Tabaka la msongamano wa meli limegawanywa vipande vya kilomita moja moja, na chanzo chake ni ishara za redio za AIS, zinazotolewa na vyombo vyenyewe kujitambulisha na kusema viko wapi. Nililipaka rangi: wekundu palipo na meli nyingi, weupe pasipo na kitu. Njia kuu ilionekana vizuri, mshipa mmoja unaokatiza mraba wetu toka ukingo hadi ukingo. Kaskazini-magharibi kulikuwa na weupe mkubwa wa kupendeza, nikauandika "huru".

Nahodha aliuangalia ule weupe kwa muda. "Hapa nani anavua?"

Nikasema ramani inaonyesha hakuna mtu.

"Ramani inaonyesha hakuna mtu mwenye AIS."

Katika Umoja wa Ulaya chombo cha uvuvi hulazimika kubeba AIS kikizidi mita 15. Cha mita 12 kinaweza kuvua mahali hapohapo miaka nenda miaka rudi na kwenye picha yangu kisiache hata alama. Na hao wadogo ndio wasioweza kwenda mbali wakizuiwa. Nimefuta neno "huru" nikaandika "haijulikani". Nahodha alilifurahia neno hilo kuliko hesabu zangu zote.

Kisha akaomba penseli. Kando ya njia ya meli nilikuwa nimeacha mita 500 kila upande, nikijisikia mkarimu, kwa kuwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari unaruhusu eneo la usalama la umbali huo kuzunguka mitambo iliyojengwa baharini. Akatikisa kichwa. Akaandika ukingoni mwa ramani hesabu inayotumika katika mipango ya Uholanzi: maili 0.3 za baharini za kukwepa mwenzako, jumlisha urefu wa meli mara 6 ili uweze kuzunguka duara kamili ukibanwa, kisha ndipo uweke hizo mita 500. Kwa meli ya mita 400 inakuja mita 3,456, karibu maili 1.87 za baharini.

"Mita 500 zinalinda nguzo," akasema. "Hizi nyingine zinamlinda nahodha."

Nikachora upya. Njia yetu ina urefu wa kilomita 60. Ukiongeza mita 2,956 kila upande, kilomita za mraba 355 hivi zinaondoka. Kwa msongamano wetu hizo ni gigawati 2, zimefutwa kwa penseli kabla ya saa sita mchana.

Mwenzetu wa ndege akauliza kama hiyo si hofu iliyopitiliza. Nahodha akatukumbusha Januari 31, 2022. Kwenye pwani ya Uholanzi, katika dhoruba, meli ya mizigo Julietta D iliyokuwa imetia nanga ilianza kuburuzwa, ikagongana na meli ya mafuta Pechora Star, ikaanza kuingiza maji. Mabaharia wake 18 waliokolewa kwa helikopta. Meli ikabaki inaelea yenyewe, bila mtu, ikaingia kwenye shamba la Hollandse Kust Zuid lililokuwa bado linajengwa na kugonga msingi mmojawapo. Ramani ya mpango ilikuwa na mistari yote inayostahili. Meli isiyo na injini haisomi mistari.

Kwa hiyo tumeongeza kitu ambacho sikuwa nacho kabisa, yaani sehemu za kutia nanga, na mshale unaoonyesha chombo kikikatika nanga upepo wa dhoruba utakipeleka wapi. Sehemu ya nanga iliyo upande wa shamba unakotoka upepo ni hatari kuliko njia ya meli iliyo karibu zaidi.

Swali la kama vyombo vidogo viruhusiwe kupita katikati ya mitambo tumeligusa tu. Uholanzi huruhusu vyombo vya hadi mita 24 kupita katika baadhi ya mashamba kwa masharti. Nyavu za kukokota ni jambo jingine. Wavu wa kukokota na kebo iliyofukiwa havikai nyumba moja.

Wiki ya 5

Zamu ya ndege. Mwenzetu amengoja mwezi mzima na alikuja amejipanga.

Alianza kwa kunivunjia poligoni zangu. Tabaka langu la ndege lilikuwa hifadhi zilizochorwa mipaka, na mimi nilikuwa tayari kuzitoa na kuendelea. Akaniuliza kama shakwe huwa anasoma ilani kabla ya kuvuka mpaka. Hifadhi nyingi za ndege zimechorwa mahali wanapotagia, lakini riziki wanaitafuta kilomita nyingi baharini, nje ya mstari.

Halafu akaeleza kwamba kugongwa na rafadha ni dhara moja tu, na kwa ndege wengine silo kubwa. Mfano wake ulikuwa mzamiaji mwenye koo jekundu, Gavia stellata, ambaye hupitisha majira ya baridi kwenye maji mafupi. Huyu ni nadra kugongwa, kwa sababu hakaribii. Katika ghuba ya Ujerumani wamepimwa wakipungua zaidi ya kilomita 10 kutoka kwenye mitambo. Tukafanya hesabu kwenye ubao. Shamba la kilomita 10 kwa 10 ni kilomita za mraba 100. Lizungushie ukanda wa kilomita 10, inakuja 814. Si kwamba ndege wote wanatoweka katika eneo hilo lote, idadi hupungua kidogo kidogo kadiri unavyosogea. Hata hivyo, poligoni ya 100 iliyokuwa kwenye kioo changu ilianza kuonekana kama uongo. Ndege huyohuyo ndiye aliyeisimamisha awamu ya pili ya London Array. Awamu ya kwanza ilikamilika 2013 ikiwa na mitambo 175. Ya pili iliachwa Februari 2014, kwa kuwa ingechukua miaka kuthibitisha kwamba wazamiaji hawataathirika.

Kilichonigeuza kichwa ni kisa cha buabua wa pwani ya kaskazini ya Norfolk, Uingereza. Mashamba matatu yalikuwa yanaomba kibali katika maji ambayo buabua hao wanavua: Race Bank, Dudgeon na Docking Shoal. Julai 2012 uamuzi ulitoka. Mawili ya kwanza yalipata, Docking Shoal, la megawati 540, likanyimwa. Vifo vya yote matatu vikijumlishwa vingezidi kile ambacho kundi la buabua hao lingeweza kuvumilia.

Nilikaa na kisa hicho jioni nzima. Njia yangu ya karatasi moja ni ya kutoa, na kutoa hakujali mpangilio. Anza na meli umalizie na ndege, au anza na ndege umalizie na meli, weupe utakaobaki ni uleule. Kisa cha Norfolk hakifanani na hilo hata kidogo. Maji ya Docking Shoal hayakuwa mekundu kwenye ramani ya mtu yeyote. Kilichokwisha si nafasi, ni uvumilivu wa buabua, na ulikuwa unapimwa kwa hesabu ya pamoja. Waliolingana wote watatu wakisimama mlangoni pamoja, lazima mmoja abaki nje, na ni nani abaki ni jambo ambalo ramani haina namna ya kulijibu.

Kwa hiyo zoezi letu limebadilika sura. Tunahitaji foleni, na mfuko wa akiba unaopungua kila anayepita anapochota.

(Kando: tulibishana sana kuhusu fidia. Hornsea 3 lilipopewa kibali Desemba 2020 lilipewa sharti la kuwajengea shakwe wa aina ya Rissa tridactyla mahali bandia pa kutagia, na viota hivyo sasa vimesimama baharini karibu na Lowestoft. Mwenzetu anasema viota havijawahi kuwa ndiyo shida, shida ni samaki wembamba wa mchangani ambao shakwe hao huwategemea. Uingereza ilifunga uvuvi wa samaki hao kwenye maji yake ya Bahari ya Kaskazini 2024, na ugomvi ukazuka na Umoja wa Ulaya. Mimi nadhani nyumba bila riziki ni afadhali kuliko kukosa vyote. Yeye anadhani nyumba bila riziki ni picha ya kupigia wageni. Hatujaafikiana na kadi ya fidia imebaki na alama ya kuuliza.)

Wiki ya 6

Fupi, maana nilikuwa na homa.

Nguzo ya chuma hupigiliwa sakafuni kwa nyundo kubwa, na kila pigo husikika chini ya maji mbali sana. Anayeumia ni pomboo mdogo wa maji hayo, Phocoena phocoena, anayewinda kwa kusikia. Ujerumani iliweka kikomo: desibeli 160 kwa kila pigo, ukipima mita 750 kutoka kwenye nguzo. Ili kukifikia, mabomba yenye matundu hulazwa sakafuni kwa duara kuzunguka kazi na kusukumiwa hewa, mapovu yapande kama pazia. Mara nyingi huwekwa mapazia mawili. Uingereza ilikwenda njia nyingine. Katika hifadhi yake kubwa ya pomboo hawa, sauti isiwafukuze kwenye zaidi ya asilimia 20 ya eneo kwa siku moja, wala zaidi ya asilimia 10 kwa wastani wa msimu.

Tazama sharti la pili linafanya nini. Mashamba mawili yanaweza kuwa na kilomita 30 katikati yao, yasigusane popote kwenye ramani, na bado yasiruhusiwe kupiga nyundo siku moja. Sasa jedwali letu lina safu mpya iitwayo "mwezi".

Mwenzetu wa ndege akadakia kwamba na yeye anaitaka hiyo safu. Mei 2023 Uholanzi ilipunguza kasi ya mitambo ya Borssele na Egmond aan Zee usiku, kwa muda wa saa nne, isizidi mizunguko 2 kwa dakika, ili makundi ya ndege wanaohama yapite. Utabiri wa kuhama ulikuwa umetolewa siku mbili kabla, msimamizi wa gridi ya umeme ajipange. Mahali ni palepale, mitambo ni ileile, usiku mmoja sharti lipo na usiku unaofuata halipo. Nililipaka rangi gani tabaka la namna hiyo? Sikulipaka.

Wiki ya 7

Kebo zimeniaibisha. Nilikuwa nimeziweka mwisho, kama mtu anayenunua jokofu kisha anaulizia soketi.

Kwenye umbali mrefu umeme hausafirishwi kwa mkondo geu. Kebo ya chini ya bahari hujichaji na kujimwaga kila mkondo unapogeuka, na ikiwa ndefu mno uwezo wake wote huishia kwenye kazi hiyo. Kuanzia kama kilomita 80 hadi 100 hivi wahandisi hubadilisha kwenda mkondo mnyoofu, wenye jukwaa kubwa la kubadilishia umeme baharini na jingine nchi kavu. Vipimo vinavyojengwa sasa Uholanzi na Ujerumani ni gigawati 2 kwa muunganisho mmoja, kilovolti 525. Mraba wetu ukiwa mtupu una gigawati 19.8, yaani miunganisho 10. Baada ya penseli ya nahodha ni 9. Njia tisa zinazotafuta ufuko.

Na fukwe ni chache. Kati ya mashamba ya Ujerumani na nchi kavu imekaa Bahari ya Wadden, mbuga ya taifa na urithi wa dunia tangu 2009. Kebo kadhaa zimepita chini ya kisiwa cha Norderney, kwa kutoboa kwa mlalo, na kazi hiyo hufanyika kiangazi tu, katika majuma machache kati ya ndege kumaliza kulea vifaranga na majira ya dhoruba kuanza. Ukichelewa, unangoja mwaka. Safu ya "mwezi" tena.

Nimechora njia tatu kwa mraba wetu. Mbili zinapita juu ya fungu la mchanga lenye samaki walewale wembamba wa shakwe. Ya tatu inazunguka na kukatiza mabomba manne. Nimeiacha ya tatu kama chaguo la mwanafunzi, ajionee mwenyewe.

Nilitaka pia kuweka sehemu ya mwonekano kutoka ufukweni, ikawa fupi. Umbali wa upeo wa macho kwa kilomita ni 3.57 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa mita. Ncha ya rafadha iliyo mita 260 juu ya maji inatokeza hadi karibu kilomita 58, ongeza 5 za mtu aliyesimama ufukweni. Mraba wetu uko mbali kuliko hapo, kwa hiyo hausumbuliwi. Lakini nimeingiza kisa cha Middelgrunden, nje ya Copenhagen, kwa sababu nakipenda. Pendekezo la kwanza lilikuwa mitambo 27 kwa safu tatu. Baada ya maoni ya wananchi na mamlaka likawa mitambo 20 kwenye mstari mmoja uliopinda kidogo, ukasimama 2000, nusu yake ikimilikiwa na ushirika wa watu zaidi ya 8,000. Mpindo ule haukutoka kwenye data yoyote ya upepo.

Wiki ya 8

Jaribio la kwanza na watu. Wanane, makundi mawili ya wanne, vyumba tofauti.

Ramani sasa ni nusu tu ya zoezi. Nusu nyingine ni kadi: mashamba sita, A hadi F, na mifuko mitatu ya akiba, yaani ndege, siku za nyundo na njia za kebo. Kila shamba likipita linachota. Mfuko ukiisha, linalofuata linasimama. Makundi yote yalipewa mashamba yaleyale, kundi la pili tukaligeuzia foleni bila kuliambia.

Kundi la kwanza lilimnyima E, kwa sababu mfuko wa ndege ulikuwa umeisha. Kundi la pili E alipita wa pili bila mtu kumuuliza neno, akanyimwa B, shamba la karibu zaidi na nchi kavu na lenye kebo fupi kuliko yote. Walipokutana kulinganisha ilitokea zogo. Mmoja wa kundi la kwanza alishika kadi ya B mkononi, akarudia mara mbili, "Lakini B ndiye bora. B ndiye bora." Na kweli ndiye.

Kisha dada mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi akauliza: "Sasa hiyo foleni nani anaipanga?"

Sikuwa na kadi ya jibu hilo, na ndilo swali ambalo wiki zote hizi nilikuwa nalizunguka. Nikaeleza kwa mdomo. Ujerumani hapo zamani mwekezaji alijichagulia mahali na kuomba kibali, anayewahi ndiye anayewahi. Sheria ya 2017 ikageuza: idara ya serikali ya bahari hutoa mpango unaotaja eneo gani, mwaka gani, litaunganishwa kwa kebo ipi, ndipo wawekezaji hushindana kwenye mnada. Uholanzi ilikuwa imetangulia. Serikali hupima yenyewe sakafu na upepo, huandika masharti ya kila kiwanja, kisha hutangaza. Chini ya utaratibu wa kwanza foleni hupangwa na kasi ya mwombaji. Chini ya wa pili ipo ofisi unayoweza kuiandikia barua ukisema B atangulie.

Nimetengeneza kadi namba 0, inayofunguliwa kabla ya zote, yenye taratibu hizo mbili. Kundi lichague moja na liandike sababu. Mtego wa Mercator umemnasa mmoja tu kati ya wanane, nimeshangaa.

Nahodha hakuridhika. Anataka kadi ya dhoruba, ya kutupwa katikati ya mchezo bila taarifa: nanga imekatika, meli inaelea, onyesha itaishia wapi. Ameichora mwenyewe kwa penseli, na meli yake imetoka nzuri kuliko kitu chochote nilichochora mimi tangu tuanze. Nimeichanganua usiku huu. Nasubiri tu aamue upepo wa kadi hiyo utoke kusini-magharibi au kaskazini-magharibi, na bado haijafika saa tatu.